Nzuri, Ila Bomba

Bi Pasi alikuwa mtu wa adabu, na adabu ndiyo iliyomloweshea ukuta. Ni vyema hilo lisemwe mapema, kwa kuwa wengi wakisikia habari za bomba kuvuja hukimbilia kuisingizia kutu, na kutu haina wa kuitetea.

Kwenye kitambulisho alikuwa na jina jingine, nalo lilikaa huko huko kwenye kitambulisho. Kazini na nyumbani alikuwa Bi Pasi, kwa sababu alipiga pasi katika chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa, tangu siku alizombeba bintiye mgongoni mpaka siku ambazo binti huyo alianza kubeba wa kwake tumboni. Alinyoosha mashuka, foronya na mashati ya wageni ambao hakuwahi kuwaona, ingawa alizijua shingo zao zote. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, kifua na mgongo mwisho. Anayeanza na mgongo, alisema, ni sawa na mgeni anayekaribishwa nyumbani akaanzia chumbani. Joto la pasi alilipima kwa kidole alichokilowesha kwa ulimi: pasi ikisema chwi, iko tayari, ikinyamaza, bado, ikipiga kelele, wewe ndiye uliyechelewa.

Nyumba yake ilikuwa ya manispaa, ghorofa ya pili, katika jengo ambalo rangi yake ya awali ilikuwa suala la mjadala. Aliisubiri mpaka akasahau kwamba anaisubiri, kisha siku moja akaitwa, akapewa ufunguo. Vyumba viwili, jiko la kumtosha mtu mmoja asiye na hasira, na bafu lenye bomba. Wengine wakisikia maelezo hayo husikia vyumba. Bi Pasi alisikia bomba.

Kabla ya hapo alikuwa amepanga chumba cha uani, na maji yalikuwa safari. Aliamka kuyafuata, akapanga foleni na madumu, akagombana, akapatana, akayabeba. Yakifika nyumbani yalipewa heshima ya mgeni: hayakumwagwa ovyo. Yalimwogesha mtu, yakafua nguo, yakapiga deki, ndipo yakaruhusiwa kwenda zao. Kwa hiyo siku ya kwanza katika nyumba mpya alifungua bomba la bafuni, akasikiliza maji yanavyotiririka, akalifunga upesi kama mtu aliyeshika kitu cha watu dukani. Akasubiri. Hakuja mtu kumkaripia. Akalifungua tena. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alipofungua bomba alisema "ahsante" kwa sauti ndogo, bila kueleza anamshukuru nani. Bomba halikujibu, lakini lilitoa maji, na wapo watu wanaojibu ambao hawatoi hata hayo.

Ndiyo maana ukuta ulipoanza kulowa alichohisi kwanza ni haya. Maisha yake yote yeye ndiye aliyeyafuata maji. Sasa maji yanamfuata yeye hadi chumbani, amlalamikie nani? Alama ilianza upande wa chumba kidogo, mgongoni mwa bafu, ikiwa kubwa kama kisahani. Ikawa sahani. Rangi ikavimba kama lengelenge, ikapasuka, na nyuma yake ikatoka harufu aliyoijua kikazi: harufu ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Aliuweka mgongo wa mkono wake ukutani kama anayepima homa ya mtoto. Ukuta ulikuwa wa baridi, na mgonjwa.

Angeuvumilia. Kipaji hicho alikuwa nacho. Lakini bintiye alikuwa amepiga simu.

Mume wa binti alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu mwema ambaye wema wake mara nyingi ulikuwa njiani. Binti aliomba aje kwa mama yake akikaribia kujifungua, akae mpaka mtoto akaze shingo. Bi Pasi alisema njoo kabla sentensi haijaisha. Kisha akaenda kusimama katika chumba kidogo. Ukuta mmoja ulikuwa na mlango, wa pili dirisha, wa tatu kabati lililojengewa humo humo. Kitanda cha mtoto kingekaa wapi? Pale pale, kwenye ukuta wenye homa.

Hilo hakuweza kulivumilia. Binti mwenyewe alikulia kwenye kile chumba cha uani, ambacho kilikuwa na unyevu mwaka mzima, na kifua chake kilipiga filimbi utoto wake wote. Bi Pasi aliisikiliza filimbi ile mara nyingi kuliko alivyosikiliza muziki, na alijiapiza kwamba mjukuu wake hatalala kando ya ukuta mbichi. Ukuta ukauke kabla mtoto hajafika. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani kwa wakati huo, na kwa mtu asiyezoea kutaka, kilikuwa kikubwa.

Akapiga simu Ofisi ya Nyumba.

Ofisi hiyo zamani ilisifika kwa ukali. Wapangaji walilalamika, si kwamba hawatengenezewi, maana hilo walikwisha kulizoea, bali kwamba wanajibiwa vibaya. Wakubwa wakakaa, wakatafakari, wakatengeneza kile kilichokuwa rahisi kutengeneza, yaani salamu. Kuanzia hapo kila karani aliagizwa amsalimu mpangaji kwa upole, amuulize hali ya nyumbani, na baada ya muda ampigie kuulizia kama tatizo limekwisha. Ulikuwa utaratibu mzuri, nao ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba ulifanyika kwa Kiswahili.

Kijana wa simu alimsikiliza Bi Pasi, akaandika, akaahidi fundi. Fundi hakuja. Lakini simu ya kuulizia kama fundi alikuja ilikuja bila kuchelewa.

"Hujambo mama? Habari za nyumbani?"

"Nzuri," alisema Bi Pasi, akavuta pumzi.

"Tunashukuru sana, mama. Siku njema."

Simu ikakatika, na Bi Pasi akabaki na pumzi yake kifuani.

Pumzi ile ilikuwa ya "ila". Kila aliyelelewa na watu anajua kwamba habari huwa nzuri kwanza. Paa limeezuliwa, gari limeibwa, mgonjwa hajitambui: habari ni nzuri, ila. Neno "nzuri" ni mlango, na hakuna anayesimama mlangoni akadhani ameshaiona nyumba. Mama yake Bi Pasi aliwahi kujibu "nzuri" akiwa juu ya machela, ndipo akaongeza "ila nadhani mguu umevunjika", na daktari alimsifu kwa kufuata mpangilio. Mtu anayeulizwa habari akajibu "mbaya" moja kwa moja, ama ni mgeni wa lugha, ama amekosana na kila mtu.

Alipopiga tena, kijana wa simu alishangaa kwa upole ule ule.

"Mama, hapa kwangu inaonyesha limekwisha. Wewe mwenyewe ulisema nzuri."

"Nilikuwa najibu salamu, mwanangu."

Kijana akasikika akitafuta. Alikuwa na nafasi ya maji, ya umeme, ya milango, na ya wadudu. "Kwenye kompyuta hakuna pahali pa salamu, mama," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli.

Bomba likaandikishwa upya kama tatizo jipya, likapelekwa nyuma ya foleni. Bi Pasi alishukuru. Foleni za maji alizijua, na hii angalau mwisho wake hakutakuwa na dumu la kubeba kichwani.

Kazini alikuwa na mwenzake wa mashine ya mashuka, mwanamke mnene aliyeitwa Mvuke kwa kuwa alisikika kabla ya kuonekana. Mvuke alipopata kisa hicho alicheka mpaka akaegemea rundo la taulo, kisha akaamua kwamba hapa panahitajika mafunzo. Wakati wa mapumziko alichukua hanga ya nguo, akaiweka sikioni.

"Hujambo mama? Habari za nyumbani?"

"Nz..."

"Tena. Habari za nyumbani?"

"Mbaya," alisema Bi Pasi, akainamisha macho kama aliyetukana. "Mbaya kidogo."

"Kidogo! Ukuta unatoka jasho kama mpagazi, unasema kidogo? Tena."

Wakarudia. Kufikia mwisho wa juma Bi Pasi aliweza kusema "mbaya" mbele ya hanga bila kuomba radhi, na chumba kizima cha dobi kilimpigia makofi. Simu ya Ofisi ilipoingia alikuwa kwenye foronya. Mashine zikazimwa. Mvuke akakunja ngumi kumtia moyo. Lakini safari hii hakuwa kijana wa simu; alikuwa msichana, na aliyemfundisha msichana huyo kazi alimfundisha vizuri kupita kiasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri," alisema Bi Pasi, na alipokumbuka ukuta, tayari alikuwa ameshatakiwa siku njema.

Foronya ikaungua. Ilikuwa ya kwanza tangu aajiriwe. Mvuke aliitazama ile alama ya kahawia yenye umbo la pasi, kisha akamtazama mwenzake. "Wewe," alisema, "ukizikwa, watakaokuja kukupa pole kaburini utawajibu nzuri."

Bi Pasi alicheka na wenzake. Jioni aliporudi nyumbani hakucheka. Sahani ukutani ilikuwa imeshakuwa sinia.

Chini yake kabisa, ghorofa ya kwanza, aliishi Mzee Redio, mgane aliyestaafu kazi ya kukata tiketi kwenye stesheni ya treni. Redio aliiwasha akiamka na kuizima akilala, na hakuna aliyejua kama aliisikiliza au alikaa nayo tu. Siku ya mazishi ya mkewe, Bi Pasi alimkuta kwenye ngazi na shati jeupe lililokunjamana, analitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike. Mkewe ndiye aliyekuwa akilinyoosha. Bi Pasi alilichukua, akapanda nalo, akalishusha limenyooka. Tangu hapo kila Jumamosi shati moja lilipanda ngazi na kushuka, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Siku nyingine walipishana kwenye ngazi na kupeana kilicho haki yao.

"Habari za chini, Mzee?"

"Nzuri. Za juu?"

"Nzuri."

Jumamosi iliyofuata Bi Pasi alilitandika shati la Mzee mezani, akalinyunyizia maji, akaweka pasi kwenye kola. Ukapanda mvuke na harufu. Akainama, akanusa tena. Shati lilikuwa limefuliwa, tena kwa sabuni nyingi kuliko kawaida, kama mtu anayeficha jambo. Lakini chini ya sabuni kulikuwa na kile kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Ndipo akakumbuka kwamba siku hizi redio ya Mzee ilikuwa juu mno. Alikuwa amedhani ni masikio.

Akaizima pasi, akashuka.

Mzee alifungua mlango kiasi cha uso. Bi Pasi akamuuliza habari za humo ndani, Mzee akasema nzuri, bila kusogea. Nyuma yake mtangazaji alikuwa akihubiri mambo ya mpira kwa sauti ya kuita watu sokoni, na kila mtangazaji alipotua kupumua, chini ya kimya chake ilisikika: to. To. To.

Bi Pasi hakuwa mtu wa kusukuma milango ya watu. Siku hiyo alisukuma.

Sufuria zilipangwa sakafuni kama wageni wanaosubiri kupakuliwa chakula. Beseni lilikaa kwenye kiti cha marehemu. Redio ilivikwa mfuko wa nailoni, na juu ya kitanda mwavuli mkubwa mweusi ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha, umefunguka, umetulia, una heshima zake. Kwenye dari kulikuwa na alama aliyoifahamu; ni ile ile ya kwake, imeshuka ngazi na kunenepa. Methali inasema haba na haba hujaza kibaba, na wanaoisifu sana ni wale wasioishi chini ya bomba bovu.

"Tangu lini, Mzee?"

"Si sana."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Kila siku nakuuliza habari za chini."

"Na mimi kila siku nakujibu."

"Unajibu nzuri."

"Na wewe za juu huwa unajibuje?"

Bi Pasi akatafuta pa kukaa. Kila kiti kilikuwa na kazi. Akabaki amesimama, na Mzee, ambaye hakuzoea kuzungumza bila mtangazaji, akaigeukia redio kana kwamba ndiyo iliyouliza.

"Wangesema ni wewe," alisema. "Maji yakitoka juu, wa juu ndiye mkosaji. Nimefanya kazi stesheni, nawajua watu wa ofisi. Wangekuhamisha, wewe uliyeisubiri nyumba hii mpaka ukaota mvi. Mtu ananinyooshea kola kila wiki, nami nimshitaki kwa tone la maji?"

Bi Pasi alitaka kusema ahsante. Ni neno alilolitumia kila asubuhi kwa bomba, lisilomjua. Mbele ya mtu, likamkwama. Akainama, akachukua sufuria iliyojaa, akaenda kuimwaga, akairudisha pale pale ilipokuwa, chini ya tone lake. Mzee akaelewa, au alifanya kama aliyeelewa, jambo ambalo kwa majirani hutosha.

Kisha Bi Pasi akamsimulia yote: kijana wa simu, msichana wa shikamoo, hanga, foronya. Mzee hakucheka. Alikunja uso kama anayetafuta behewa sahihi. Saa ya habari ikagonga, akaivua redio nailoni yake. Daraja limesombwa na mafuriko. Madereva wamegoma. Wezi wa nyaya za umeme wamekamatwa wakiwa gizani kutokana na kazi yao wenyewe. Na hali ya hewa itakuwa nzuri.

"Umesikia?" alisema Mzee.

"Daraja?"

"Achana na daraja. Nimekaa na redio umri wangu wote. Kila saa inaulizwa habari, na haijawahi kujibu nzuri."

"Haikulelewa," alisema Bi Pasi.

"Inatanguliza mabaya, inamaliza na mazuri. Na hujasikia mtu akisema redio haina adabu. Hizo za kwako ni habari au si habari? Basi ukiulizwa, zisome."

Jumatatu, Ofisi ilipofunguliwa, walipiga simu kutoka kwa Mzee, katikati ya sufuria. Mzee aliizima redio, kitu ambacho jengo zima lilikigundua. Mtu mmoja wa ghorofa ya tatu alitoka kwenye ngazi kuuliza kama kuna msiba. Akajibiwa hapana, kuna habari.

Sauti ilikuwa ya kijana yule wa mwanzo. "Hujambo mama? Habari za nyumbani?"

Bi Pasi akanyoosha mgongo. Neno "nzuri" lilimfika kooni kwa mazoea, akalimeza.

"Habari kwa ufupi," alisema. "Bomba la bafuni linavuja ndani ya ukuta, ghorofa ya pili. Maji yameshuka hadi ghorofa ya kwanza, ambako mzee mmoja analala chini ya mwavuli. Mtoto mchanga anatarajiwa katika chumba chenye ukuta huo. Fundi aliyeahidiwa hajaonekana. Huo ndio mwisho wa habari." Akavuta ile pumzi yake ya siku zote. "Na nyingine zote nzuri, mwanangu. Za kwako?"

Pengine kijana alikuwa hajaulizwa habari zake tangu aajiriwe.

"Nzuri, mama," alisema. Akatulia. "Ila kazi hii, mama, acha tu."

"Pole, baba."

"Ahsante. Umesema mwavuli?"

"Mweusi."

"Fundi anakuja kesho," alisema kijana, na hata aliposema siku njema hakukata simu mpaka Bi Pasi alipokata yeye.

Fundi akaja kweli. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mfuko mzito, na alipoulizwa habari za kazi alisema nzuri, ila magoti, kisha akapiga magoti. Bi Pasi na Mzee, waliosimama mlangoni mwa bafu kama wazazi wa mgonjwa, walitazamana kwa faraja. Huyu ni wa kwetu.

Alifunga koki kuu, akatoa tindo na nyundo, akabandua vigae, akachimba plasta iliyomeguka kama mkate uliolowa. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa akiwa amefumba macho, kisha akatabasamu. Palipokuwa na kona ya bomba, mtu fulani wa zamani alikuwa ameizungushia ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, akaukaza kwa waya, akaujengea ukuta juu, akaenda zake.

"Mwenzangu," alisema fundi kwa heshima ya kitaalamu, "alifunga kidonda." Akaukata ule waya. "Hili si lako, mama. Hili lilikuwemo kabla hujapewa ufunguo."

Bi Pasi akamwomba aseme tena, kwa sauti, Mzee asikie. Fundi akasema tena. Mzee akatikisa kichwa kama hakimu aliyepinduliwa hukumu yake na kufurahi.

Mpira ulipotolewa ulikuwa umechanika, umekuwa laini kama ngozi ya mzee. Fundi aliutupa kwenye ndoo. Bi Pasi aliutazama kwa huruma. Miaka yote alipokuwa akilishukuru bomba, kumbe aliyekuwa akifanya kazi ni huyu, gizani, bila kupongezwa, mpaka nguvu zikamwishia. Hakusema kitu, maana kushukuru mpira mbele ya fundi kunampeleka mtu hospitali ya vichaa.

Fundi akafunga kona mpya, akazungushia nyuzi zake za kukazia utepe mweupe, akakaza kwa spana, akafungua koki. Akachukua kipande cha karatasi kavu, akakibandika kwenye kiungo, wakakingoja wote watatu. Karatasi ikabaki kavu. Akasema ukuta usipigwe plasta kwanza, uachwe upumue. Na dari ya Mzee itashughulikiwa na mtu wa dari, ambaye ni mwingine, wa siku nyingine. Ukuta, alisema akifunga mfuko, hukauka kwa subira.

Subira Bi Pasi alikuwa nayo. Alikuwa na pasi pia.

Mzee alimwazima feni. Mvuke akaja siku yake ya mapumziko, akasikika tangu chini. Walitandika shuka kuukuu ukutani, Mvuke akalishikilia juu kwa mikono yake miwili, na Bi Pasi akaupiga pasi ukuta, pembe kwanza, kisha mabega, katikati mwisho. Ukuta ukasema chwi. Mvuke akasema kama mshahara ungekuwa kwa mita za mraba, sasa wangekuwa matajiri. Kesho yake ukuta ulisema chwi ndogo zaidi, ya mtu anayesinzia. Ikafika siku Bi Pasi akaweka pasi, akasikiliza, na hakukuwa na neno. Akauweka mgongo wa mkono wake pale. Homa ilikuwa imeshuka.

Plasta ikaja, rangi ikaja, mtu wa dari naye akaja akiwa na ngazi yake fupi. Mzee aliufungua mwavuli kutoka dirishani, akaukunja, akausimamisha nyuma ya mlango unakokaa mwavuli wa mtu wa kawaida. Beseni likashushwa kutoka kwenye kiti cha marehemu, kiti kikafutwa, kikaachwa kitupu kama zamani.

Binti alifika akitembea kama meli inayoingia bandarini, akakitazama chumba kidogo, akasema mama hapa pananukia rangi. Bi Pasi alisema ndiyo, na hakueleza zaidi. Mambo mengine ni ya watu wa ghorofa. Mtoto alipozaliwa na kuletwa nyumbani, alilazwa kando ya ule ukuta. Bibi yake alisubiri wote watulie, kisha akainama, akaweka sikio kifuani pake. Alisikiliza kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta stesheni. Hakukuwa na filimbi. Kulikuwa na pumzi, ikiingia na kutoka, kavu, isiyo na habari yoyote. Kutoka chini redio ilisikika kidogo sana. Mzee alikuwa ameipunguza bila kuombwa.

Ofisi ya Nyumba ilipiga simu, kwa mujibu wa utaratibu.

"Hujambo mama?" alisema kijana wa simu. "Habari za bomba?"

Bi Pasi akautazama ukuta. Kwa ajili ya kutenda haki, alitafuta cha kusema. Rangi mpya haikulingana na ya zamani; lakini rangi haijawahi kumtia mtu kikohozi.

"Nzuri," alisema.

Kijana hakukata. Alikuwa amejifunza. Akangoja, na Bi Pasi akamsikia akiwa ameshikilia pumzi, safari hii ni yeye.

"Ila?" kijana akauliza.

"Halina ila, mwanangu."

Akasikia kidole kikibonyeza kitu huko mbali, na tatizo lake likafungwa. Kisha akaenda bafuni kuchota maji ya kumwogesha mjukuu. Alifungua bomba, akasema ahsante, na kwa kuwa nyumba ilikuwa na furaha, alisahau kuipunguza sauti. Neno likateremka na mabomba.

"Karibu, Bi Pasi," akajibu Mzee kutoka chini.